Uvimbe uliopakiwa kwenye buti la gari

Mwambie mama wa Mtito Andei aende skani, naye atafikiria mimba. Lakini mashine ya skani, ilipoanza kutumiwa na madaktari wa wanawake, haikuanzia kwa watoto. Ilianzia kwa uvimbe wa kizazi na wa ovari.

Kisu kilitangulia. Mwaka 1809, Kentucky, Marekani, daktari Ephraim McDowell alimpasua Jane Todd Crawford bila dawa ya usingizi, akamtoa uvimbe wa ovari wa kilo 10 hivi. Mama huyo alidhaniwa ana mapacha. Alipona, akaishi miaka 30 na zaidi. Kukata kukawezekana, kujua unachokikata kukabaki kubahatisha.

Julai 1955, Profesa Ian Donald, daktari wa wanawake wa Glasgow, Scotland, alipakia kwenye buti za magari fibroidi (vivimbe vya misuli ya kizazi) na vivimbe vya ovari vilivyotoka kwa wagonjwa wake, akavipeleka kiwanda cha Babcock & Wilcox mjini Renfrew. Huko walikuwa na mashine ya mawimbi ya sauti ya kusaka nyufa ndani ya chuma. Wenyeji wakaongeza pande la nyama ya ng'ombe la kulinganishia. Uvimbe wa maji uliipitisha sauti hadi ukingo wa pili. Fibroidi, kwa ugumu wake, iliimeza njiani. Muda si mrefu, mama aliyedhaniwa ana saratani ya tumbo isiyotibika alipimwa kwa mawimbi hayo, kumbe ni uvimbe wa ovari. Ukatolewa, akapona. Habari zilichapishwa kwenye The Lancet Juni 1958.

Hata hivyo, picha peke yake hudanganya. Mwaka 1937 Joe Vincent Meigs wa Boston alieleza fibroma ya ovari: uvimbe adimu, usio saratani, unaoweza kujaza maji tumboni na kifuani hadi mtu aonekane mahututi. Ukitolewa, maji hukauka. Ndiyo maana kipande lazima kifike maabara kabla ya hukumu.

Huku Kenya, Makueni, kaunti iliko Mtito Andei, ilipoanzisha mpango wa matibabu wa MakueniCare mwaka 2016, kila kaya ikilipa Sh500 kwa mwaka, wengi waliokuwa wakiogopa gharama walipata sababu ya kwenda hospitali. Lililobaki ni kuchelewa. Dada, tumbo likivimba na kipimo cha mimba kikasema hapana, usingoje literemke lenyewe, wala usikubali kuambiwa umerogwa. Omba skani.