Skrini Nne za Saket: Historia Fupi ya Kampuni ya PVR

Kampuni ya PVR, ambayo tangu 2023 inajulikana kwa jina la PVR INOX, ndiyo yenye skrini nyingi zaidi za sinema nchini India, na asili yake ni familia ya wenye malori. Familia ya Bijli, iliyokuwa na kampuni ya uchukuzi wa mizigo, ilinunua jumba la sinema la Priya lililoko Vasant Vihar, kusini mwa Delhi, mnamo 1978. Priya lilikuwa jumba la ukumbi mmoja, yaani lenye skrini moja iliyoonyesha filamu moja kwa watazamaji wote, na lilijengwa kwa mtindo ambao wakazi wa Zanzibar, Mombasa na Dar es Salaam waliokuwa wakijaza majumba ya sinema kutazama filamu za Kihindi waliufahamu vyema: viti vya mbele kwa wenye senti chache, na vya juu, kwenye roshani, kwa wenye uwezo.

Mtindo huo ulianza kuyumba katika miaka ya 1980, pale kanda za video, na baadaye televisheni ya setilaiti, zilipoipa familia ya kipato cha kati sababu ya kubaki nyumbani. Wenye majumba, ambao pia walibanwa na kodi ya burudani, yaani tozo ya serikali ya jimbo juu ya kila tiketi, iliyokuwa nzito mno katika baadhi ya majimbo, hawakuona faida ya kukarabati viti wala vyoo, na kadiri majumba yalivyochakaa ndivyo watazamaji walivyozidi kuyakimbia. Ajay Bijli, aliyekabidhiwa Priya akiwa bado kijana, alikwenda kinyume na wenzake: mwanzoni mwa miaka ya 1990 alilikarabati jumba hilo, akaboresha mitambo ya sauti na kuonyesha filamu za Hollywood, na waliokuwa wamelihama wakarudi.

Mwaka 1995 kampuni ya familia hiyo iliingia ubia na Village Roadshow ya Australia, upande wa India ukichukua asilimia 60 na wa Australia asilimia 40, na herufi za kwanza za Priya, Village na Roadshow ndizo zilizozaa jina PVR. Juni 1997 wabia hao walifungua PVR Anupam katika mtaa wa Saket, jumba la zamani la ukumbi mmoja lililogawanywa kuwa kumbi nne, na ndilo linalohesabiwa kuwa la kwanza la aina yake nchini India. Mwezi huohuo, tarehe 13, moto ulizuka katika jumba la Uphaar, pia kusini mwa Delhi, na watu 59 wakafa, wengi wao kwa kukosa hewa kwa kuwa njia za kutokea zilikuwa zimezibwa. Haitakuwa sawa kudai kwamba PVR ilikua kwa sababu ya msiba huo, lakini baada yake jumba jipya lenye milango ya dharura halikuwa tena anasa tupu machoni pa wakazi wa Delhi.

Nguvu ya mfumo wa skrini nyingi imo katika hesabu yake. Mwenye ukumbi mmoja wa viti 1,000 hupata hasara wiki nzima filamu ikidoda, ilhali mwenye kumbi nne ndogo huihamishia filamu hiyo kwenye ukumbi mdogo kuliko yote, akaipa iliyovuma kumbi mbili au tatu. Na kwa kuwa maonyesho huanza kwa kupishana, wafanyakazi walewale na kaunta ileile ya bisi na soda huhudumia watu mfululizo. Kaunta hiyo si jambo dogo, kwani vyakula na vinywaji vina faida kubwa kuliko tiketi, ambayo mapato yake hugawanywa na msambazaji wa filamu. Ndiyo maana bei ya bisi imezua manung'uniko hadi mahakamani, na Januari 2023 Mahakama ya Juu ya India iliamua kwamba mwenye jumba ana haki ya kukataza chakula kutoka nje. Kumbi ndogo vilevile ziliwapa nafasi watengenezaji wa filamu zisizolenga umma wote, mradi watazamaji wao wawe wa mjini na wenye fedha.

Ukuaji uliofuata ulibebwa na misamaha ya kodi ya burudani ambayo majimbo kadhaa yaliwapa wajenzi wa majumba mapya, na zaidi na maduka makubwa ya kisasa, ambayo wamiliki wake walihitaji sinema ili kuvuta wateja hadi ghorofa za juu. Village Roadshow ilijitoa mwaka 2002, na mwaka uliofuata mtaji wa kampuni ya uwekezaji ya ICICI Venture ukaziba pengo lake. 2004 likafunguliwa jumba la skrini 11 huko Bengaluru, na 2006 kampuni ikaingia kwenye soko la hisa. Baada ya hapo PVR ilikua zaidi kwa kuwanunua washindani: Cinemax mwaka 2012, DT Cinemas 2016, na SPI Cinemas ya Chennai 2018.

Janga la UVIKO-19 lilifunga majumba yote Machi 2020, na miaka miwili baadaye PVR na mpinzani wake mkuu, INOX, zilitangaza kuungana zikiwa na jumla ya skrini 1,546. Tume ya Ushindani ya India ilitupilia mbali malalamiko ya shirika la watetezi wa walaji dhidi ya muungano huo, kwa hoja kwamba haiwezi kuchunguza madhara ambayo hayajatokea. Hoja hiyo ni sahihi kisheria, ingawa haimfariji mnunuzi wa tiketi ambaye katika mtaa wake hana jumba jingine la kwenda. Mei 2023 kampuni mpya ilitangaza kufunga takriban skrini 50 zilizokuwa zikileta hasara au zilizokuwa ndani ya maduka yaliyopitwa na wakati. India, nchi ya watu zaidi ya bilioni 1.4, ina skrini zisizofika 10,000, na nyingi kati yake bado ni za majumba ya ukumbi mmoja.