Tiba ya mapema ya kiwewe na ulevi baada ya ubakaji

Tiba ya mapema ya kiwewe na ulevi ni msaada anaopewa manusura wa ubakaji katika siku na wiki za mwanzo, kabla dalili hazijaota mizizi. Mwaka 1974, Ann Burgess na Lynda Holmstrom walieleza hali ya wanawake waliobakwa waliofika hospitali ya jiji la Boston wakiwa na jinamizi, hofu na usingizi wa mang'amung'amu. Manusura wengi hunywa pombe ili walale, nayo huukatakata usingizi huohuo. Kumbukumbu hubaki palepale, na kipimo cha pombe cha jana hakitoshi leo.

Huko Charleston, Marekani, kundi la Heidi Resnick lilitengeneza video fupi ya kuonyeshwa manusura kabla ya uchunguzi wa kitabibu. Iliwaeleza hatua za uchunguzi wenyewe, kisha namna ya kuikabili hofu bila kukimbilia pombe wala bangi. Wazo zuri, kwani saa hizo mtu huwa hospitalini tayari: dawa za kuzuia VVU lazima zianze ndani ya saa 72. Ila video pekee si tiba kamili.

Dalili zikidumu, hutumika tiba ya kuchakata fikra ya Patricia Resick, inayopambana hasa na kujilaumu. Huko Kivu, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ilifundishwa kwa vikundi vya wanawake vijijini. Matokeo yaliyochapishwa 2013 yalionyesha nafuu kubwa kuliko ushauri wa kawaida. Kumlazimisha manusura asimulie yote siku ya kwanza hakupendekezwi.