Chumvi ya Gongoni, Shingo ya Mtwapa

"Wewe mtu wa pwani, samaki unakula kila siku, rovu litakupata wapi? Hayo ni maradhi ya watu wa bara."

Aliyeniambia hivyo ni jirani yangu hapa Mtwapa, mama mtu mzima ambaye namheshimu, na wakati ule hata mimi niliona amesema kweli. Rovu nililijua kwa picha ya kitabu cha shule: mwanamke wa milimani, shingo imemfura kama aliyemeza embe. Shingo yangu ilikuwa ya kawaida, au ndivyo nilivyodhani. Yaliyonisumbua yalikuwa mambo madogo madogo: uchovu usioisha kwa kulala, nywele zinazobaki kwenye kitana, choo kigumu, baridi. Naam, baridi. Mtwapa, mwezi wa Februari, watu wote wanajipepea na mimi nimejifunika leso mbili.

Ilinichukua miaka minne kujua jina la ninachougua. Zahanati moja iliniambia damu imepungua, nikapewa vidonge vya madini ya chuma. Kwingine nikaambiwa, "Mama, huo ni wasiwasi tu, punguza mawazo." Mamangu naye alinipeleka nikanywe kombe. Katikati ya miaka hiyo mimba ya miezi mitatu ikatoka, na hakuna aliyeuliza habari za shingo. Mwishowe daktari mmoja kijana alinipa gilasi ya maji, akasimama nyuma yangu, akaniwekea vidole kooni. "Meza," akasema. Nikameza. "Tena." Kisha akakaa chini, akaandika karatasi ya vipimo vya damu.

Majibu yalirudi yakisema Hashimoto. Nilicheka, wallahi. Nilidhani ni jina la pikipiki.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma, kwa sababu ya hofu na kwa sababu ya kauli ya jirani yangu. Nilitaka kujua imetoka wapi hiyo imani kwamba shauri la tezi ya shingo ni shauri la chumvi na samaki, na kwa nini sisi tunaougua kwa njia nyingine hatuonekani.

Tuanze na chumvi basi. Tezi ya thairoidi inakaa mbele ya shingo, chini ya kikoromeo, na umbo lake ni kama kipepeo. Kazi yake ni kutengeneza homoni zinazoamua mwili uende kwa kasi gani: mapigo ya moyo, joto, tumbo, hedhi, hata wepesi wa kufikiri. Ili izitengeneze inahitaji iodini, ambayo wenzetu wa Tanzania huiita madini joto. Iodini ikikosekana, tezi hujitanua ikijaribu kunasa hicho kidogo kilichopo. Hilo ndilo rovu la kitabuni. Nchi nyingi za milima zimelijua kwa sababu udongo wake umesombwa na mvua karne kwa karne na iodini ikaenda na maji. Baharini ipo, na samaki wanayo. Kwa hiyo jirani yangu hakuwa akipiga porojo. Alikuwa akisema nusu ya ukweli.

Uswisi ilianza kutia iodini katika chumvi mwaka 1922, na jimbo la Michigan kule Marekani likafuata mwaka 1924. Hapa Kenya, kanuni za mwaka 1978 zilifanya jambo hilo kuwa lazima. Na chumvi yenyewe inatoka wapi? Inatoka kwetu. Panda matatu hapa Mtwapa, pita Kilifi, pita Malindi, endelea na barabara ya Garsen hadi Gongoni na Marereni, utaona mabwawa ya chumvi na vilima vyeupe vinavyong'aa hadi macho yanauma. Maji ya bahari huingizwa mabwawani, jua na upepo vinayakausha, chumvi inabaki. Jambo ambalo mimi sikulijua, na nimelelewa ufuoni, ni kwamba chumvi hiyo ya bahari peke yake karibu haina iodini. Iodini hutiwa kiwandani. Mtu wa Kisii na mtu wa Mtwapa wanatia mchuzini chumvi moja, na wote wawili wanakingwa na kile kilichoongezwa na mashine.

Huo ni ushindi mkubwa wa afya ya umma, nami siudharau. Watoto wengi wamezaliwa na akili timamu kwa sababu ya pakiti ya chumvi ya shilingi chache. Lakini naona ushindi huo ulituachia fikra moja ngumu kung'oa: tezi ni chumvi, chumvi ipo, basi tezi ni nzima. Mwanamke akija analalamika uchovu, na anatoka pwani, na shingo haijafura, nani atafikiria tezi?

Na hapa historia inatupeleka mbali na chumvi.

Mwaka 1873, jijini London, daktari William Gull alisimama mbele ya wenzake akaeleza hali aliyoiona kwa wanawake watu wazima: uso umejaa, ulimi mzito, mwendo wa pole, akili kama iliyopigwa na usingizi. Hawakuzaliwa hivyo, iliwaingia ukubwani. Mwaka 1891, mjini Newcastle, George Murray alimdunga mwanamke mwenye hali hiyo maji yaliyotengenezwa kwa tezi za kondoo. Alikuwa na umri wa miaka 46. Akapata nafuu, akaendelea na dawa hiyo maisha yake yote, akafa mwaka 1919 akiwa na miaka 74. Murray alihesabu kwamba tezi zilizotumika zilikuwa za kondoo zaidi ya 870. Kila ninapochoka kumeza kidonge changu cha alfajiri, namkumbuka yule mama na kundi lake la kondoo.

Lakini bado hakuna aliyejua kwa nini tezi ya mtu mzima, anayekula vizuri, inakufa polepole.

Hakaru Hashimoto alikuwa daktari kijana wa upasuaji kule Fukuoka, Japani. Mwaka 1912 aliandika kwa Kijerumani, katika jarida la wapasuaji, habari za tezi alizozichunguza kwa darubini. Zilitoka kwa wagonjwa wanne, wote wanawake. Badala ya tezi iliyotanuka kwa njaa ya iodini, aliona tezi iliyovamiwa na chembe nyeupe za damu, zimejikusanya humo kama zilizohamia. Akasema huu ni ugonjwa wa peke yake. Wengi hawakumjali, madaktari wa Magharibi walibishana miaka mingi wakisema ni hatua ya mwanzo ya ugonjwa mwingine waliokwisha kuujua. Alikwenda Ujerumani kusoma zaidi, vita vya mwaka 1914 vikamrudisha, akaishia kuwa daktari wa watu wa kijijini kwao. Alikufa mwaka 1934 kwa homa ya matumbo, kabla dunia haijaelewa alichokiona.

Jina lake leo limo kwenye faili langu. Majina ya wale wanawake wanne hayamo popote ninapoweza kuyasoma mimi. Nimewafikiria sana. Nani aliwasikiliza kabla ya kisu? Waliambiwa nini nyumbani? Pengine nao waliambiwa wapunguze mawazo.

Kizuizi kingine kilikuwa fikra ya wasomi wenyewe. Tangu mwanzo wa karne ya 20, Paul Ehrlich alifundisha kwamba mwili unaogopa kujidhuru, na wengi wakalichukua hilo kuwa sheria: kinga ya mwili haiwezi kumgeukia mwenyewe. Kule Buffalo, Marekani, kijana Noel Rose akifanya kazi chini ya Ernest Witebsky alidunga sungura kwa dutu ya tezi zao wenyewe, na sungura hao wakatengeneza kingamwili dhidi ya tezi zao. Witebsky, mfuasi wa Ehrlich, hakuamini, akataka majaribio yarudiwe na kurudiwa. Yakachapishwa mwaka 1956. Mwaka huohuo huko London, Ivan Roitt, Deborah Doniach na wenzao walizikuta kingamwili hizo katika damu ya wagonjwa wa Hashimoto. Askari wa boma alikuwa akimpiga mwenye boma. Miaka 44 ilikuwa imepita tangu Hashimoto aandike.

Kwa nini nasimulia yote haya? Kwa sababu kutojua historia hii kuliniumiza mimi mwenyewe.

Nilipopata jina la ugonjwa, bado nilikuwa nimeshika nusu ya ukweli ya jirani. Nikajiambia: tezi inataka iodini, bahari iko hapa, mambo rahisi. Nikanunua unga wa mwani, kijiko asubuhi, kijiko jioni. Baada ya miezi miwili vipimo vilikuwa vibaya kuliko mwanzo. Daktari alinieleza kwa upole kwamba kwa mtu ambaye kinga yake tayari inaishambulia tezi, iodini ya kupita kiasi inaweza kuuchochea moto. Siwezi kuapa kwamba ni mwani pekee uliofanya hivyo, lakini niliutupa. Chumvi ya kawaida ya mchuzini inanitosha.

Kisha wakaja wa mihogo. "Achana na mihogo, inaharibu tezi." Hebu fikiria, mtu wa Kilifi aache mihogo! Hili nalo lina asili yake. Katika kisiwa cha Idjwi, ziwa Kivu, mashariki mwa Kongo, watafiti wa miaka ya 1960 waliona rovu kwa wingi, wakagundua kwamba sumu iliyomo ndani ya muhogo, ikishavunjwa mwilini, huizuia tezi kunasa iodini. Lakini hayo yaliwaumiza watu waliokuwa na iodini kidogo mno na waliokula muhogo siku zote. Kibandameno chetu kilichochemshwa, kikaliwa na samaki, mara moja moja, si kisa hicho. Nimeendelea kula.

Siku hizi maisha yangu yanakwenda kwa kidonge. Namka saa kumi na moja, nameza levothairoksini kwa maji matupu, kisha nasubiri saa nzima kabla ya chai ya maziwa na mahamri. Vidonge vya madini ya chuma nimevisogeza mchana, saa nne au zaidi baadaye, maana vinaizuia dawa isiingie mwilini. Ramadhani nabadilisha saa kama tulivyokubaliana na daktari. Dawa yenyewe haipendi joto, nami naishi Mtwapa, kwa hiyo inakaa kabati la chumba cha ndani, mbali na jikoni. Nimepata mtoto wa pili. Dozi ilipandishwa mara tu mimba ilipojulikana. Siku nyingine uchovu unarudi bila hodi, na hofu inarudi nao. Najiuliza: ni tezi, ni umri, au ni wasiwasi tu? Neno hilo bado linanichoma.

Hofu kubwa zaidi si yangu. Ugonjwa huu hutembea katika familia, na wanawake huupata mara nyingi zaidi kuliko wanaume. Binti yangu mkubwa ana miaka 14. Mwaka jana nilimkuta mbele ya kioo ameinua kidevu, anajipapasa shingo. Hakusema kitu, nami sikusema. Wiki ile ile nikampeleka akapimwe.

Homoni zake ziko sawa. Kingamwili zipo. Daktari alisema hiyo si hukumu. Wengine hukaa hivyo miaka mingi wasiugue. Dawa hahitaji sasa. Anahitaji kupimwa kila mwaka, na mapema zaidi akianza kujisikia vibaya.

Jioni nilimtia maji gilasini, tukakaa barazani, nikamwonyesha jinsi ya kuitazama shingo kwa kioo cha mkononi wakati wa kumeza. Jirani alikuwa akipita na kapu la samaki, akasimama kutuangalia.

"Mnafanya nini?"

"Tunatazama tezi, bibi," binti akamjibu. "Njoo na wewe umeze."

Aliweka kapu chini.