Kampung Naga: kijiji kilichokataa stima

Juma lililopita stima ilipotea mtaani kwetu tangu alasiri hadi baada ya Isha. Barazani kila mtu alikuwa analalamika, na aliyelalamika zaidi ni mwenye friji ya samaki. Nikawaambia kwamba huko Java, Indonesia, kuna kijiji cha wakulima Waislamu ambacho serikali ilitaka kukiwekea stima, kikakataa. Mzee mmoja akacheka. "Hao hawajaonja maji ya barafu, mwanangu," akasema.

Sijafika huko, lakini habari za kijiji hicho nimekuwa nikizifuatilia kwa muda mrefu. Kwa kuwa jibu la mzee lilinikaa moyoni, nimeona niwaeleze wasomaji wangu watu hao ni kina nani na walikataa kwa nini.

Kijiji chenyewe kinaitwa Kampung Naga. Kiko Java Magharibi, katika wilaya ya Tasikmalaya, kando ya barabara inayotoka Garut. Wakazi wake ni Wasunda. Gari halifiki. Ukishuka barabarani, unateremka kwa miguu ngazi zaidi ya 400 mpaka bondeni, ambako mto Ciwulan unapita ukitokea mlima Cikuray. Njiani unapita katikati ya majaruba ya mpunga yaliyopangwa ubavuni mwa mlima, na chini kabisa kuna nyumba zaidi ya mia moja zilizobanana katika eneo lisilofika ekari nne. Neno naga kwa Kiindonesia ni joka, lakini hapo hapana joka. Wenyeji husema jina limetokana na maneno ya Kisunda "na gawir", yaani penye genge.

Nyumba zote zinafanana. Kuta ni za mianzi iliyosukwa, zimepakwa chokaa nyeupe. Paa ni la nyuzi nyeusi za mti wa jamii ya mnazi, nyuzi ambazo wao huziita ijuk. Nguzo hazizikwi ardhini, bali zinakalishwa juu ya mawe. Kila nyumba imelala mashariki na magharibi, na mlango wake unaelekea kaskazini au kusini. Mlango wa wageni na mlango wa jikoni viko upande mmoja, wala hakuna mlango wa nyuma, kwa sababu wanaamini riziki inayoingia mbele itatokea nyuma. Ndani hakuna viti, meza wala vitanda. Watu hukaa na kulala juu ya mikeka. Mwenye pesa na asiye nazo, ukiwapita nje hutajua yupi ni yupi.

Hapo ndipo suala la stima linapoingia. Sababu wanazotoa ni mbili. Ya kwanza ni moto: paa la nyuzi na kuta za mianzi, nyumba ukuta kwa ukuta, waya mmoja ukicheza kijiji kizima kinateketea. Ya pili ni husuda. Stima ikiingia, mmoja atanunua friji, mwengine televisheni kubwa, na wa tatu atabaki kuchungulia dirishani. Redio na televisheni za kutumia betri zimo, na simu pia zimo. Kwa hivyo si kwamba hawaijui dunia. Kijiji jirani, juu ya ngazi, kina stima, na watoto wao hupanda kila asubuhi kwenda shule huko.

Kazi yao ni mpunga. Hupanda mara mbili kwa mwaka, watu wote kwa pamoja, na wanapenda mbegu zao za asili zenye shina refu. Wakati wa kuvuna, shina hukatwa moja moja kwa kisu kidogo kinachoshikwa kiganjani. Mpunga hufungwa matita, ukaanikwa, kisha ukatwangwa kwa kinu katika vibanda vilivyo kando ya mabwawa ya samaki, nje ya uzio wa makazi. Kila nyumba ina chumba kidogo cha akiba kiitwacho goah, na anayeingia humo ni mama wa nyumba.

Dini yao ni Uislamu, na kama sisi wa pwani, Waislamu wa Java kwa jumla ni wa madhehebu ya Shafi. Msikiti uko katikati ya kijiji, na watoto husoma Qurani hapo. Lakini wana mila yao iitwayo Hajat Sasih, mara sita kwa mwaka, ikifuata kalenda ya Kiislamu: Muharram, Mfungo Sita, Jumadal Akhir, Shaaban, Idi ndogo na Idi kubwa. Wanaume huoga mtoni, huvaa kanzu nyeupe, kisha huenda kusafisha kaburi la babu yao, Sembah Dalem Singaparna, lililo ndani ya msitu wa upande wa magharibi. Siku nyingine hakuna anayeingia msitu huo, wala haokotwi ukuni hata kama umeanguka wenyewe. Wanaozijua Kaya za Wamijikenda hawatashangaa. Msimamizi wa mila anaitwa kuncen, maana yake mshika ufunguo, na neno linalotosha kumzuia mtu ni moja tu: pamali, yaani mwiko.

Najua baadhi yenu mmeshakunja uso mliposoma habari za kaburi. Mjadala huo tunao hapa kwetu pia, na sitaki kuuamua leo. Ila someni kwanza yaliyowafika.

Mwaka 1949 kiongozi aitwaye Kartosuwiryo alitangaza dola ya Kiislamu huko Java Magharibi, akapigana na serikali ya Sukarno mpaka alipokamatwa mwaka 1962. Watu wa Kampung Naga hawakumuunga mkono. Mwaka 1956 wapiganaji wake wakakiteketeza kijiji. Waislamu walichoma nyumba za Waislamu. Maandishi ya kale yaliyoeleza asili ya kijiji yakaungua yote. Ndiyo maana leo ukiuliza kilianza lini, watakwambia "pareum obor", mwenge umezimika. Hata hicho kidogo wanachokijua hawakizungumzi Jumanne, Jumatano wala Jumamosi, kwani ni mwiko.

Baada ya moto ule wangeweza kujenga kwa matofali na mabati. Walirudia mianzi, nyuzi na mawe, nyumba zikielekea kulekule. Na tarehe 2 Septemba 2009, tetemeko la 7.0 lilipoipiga Tasikmalaya na kuua watu kadhaa, nyumba zile zilizokalishwa juu ya mawe zilitikisika zikabaki zimesimama.

Sisemi maisha yale ni pepo. Kinu hutwangwa na wanawake, na anayepika kwa kuni ndiye anayevuta moshi. Nafasi ya kuongeza nyumba imekwisha, hivyo vijana wengi wanaooa huondoka kwenda kuishi miji kama Tasikmalaya, Bandung na Jakarta. Wazao hao wa nje huitwa Sanaga, na siku za Hajat Sasih wengi hurudi, wakateremka ngazi zilezile. Sijui binti wa miaka kumi na minane angejibu nini lau angeulizwa peke yake kuhusu stima. Hilo ni swali la haki, na nadhani wazee wa huko wanalijua.

Ninachokisisitiza ni kwamba wao walikaa wakaulizana. Sisi hapa pwani, makuti yametoka mabati yameingia, mashamba ya nazi yamekuwa ploti, na sikumbuki baraza gani lilikaa kuamua. Kila mmoja aliuza chake, akaezeka chake, na tulipoinua macho mtaa ulikuwa umeshageuka.

Stima iliporudi usiku ule, tuliinuka sote kwa shangwe, na mimi nikiwemo. Yule mzee akabaki amekaa. Akaniuliza: "Hao watu wako, walipokataa, walikubaliana wote?" Nikamwambia ndivyo ninavyojua. Akatikisa kichwa. "Basi hilo la kukubaliana," akasema, "ndilo gumu kuliko kukosa barafu."