Nduli Naye Apendwe?

Mtaani kwetu jina la Idi Amin halikutajwa hivihivi. Lilitanguliwa na neno moja: nduli. Nduli Amin. Sisi tuliozaliwa baada ya vita tulidhani hilo ndilo jina lake la ubatizo! Wazee walilitamka kama mtu anayetema kitu kichungu, na walikuwa na haki yao. Mwaka 1978 majeshi ya Amin yaliingia Kagera, yakaua, yakapora, yakachoma. Mwalimu Nyerere akalitangazia taifa kwamba uwezo wa kumpiga tunao, sababu tunayo na nia tunayo. Akapigwa kweli.

Sasa ndugu msomaji, fikiria nilivyoshtuka kusikia kwamba mwaka 1977, mwaka mmoja tu kabla ya vita hiyo, askofu mmoja wa Uganda aliandika kitabu kwa Kiingereza ambacho jina lake kwa Kiswahili ni "Nampenda Idi Amin". Nikajiuliza, huyu bwana alikuwa na wazimu? Au ndio wale wachungaji wa kujipendekeza kwa wakubwa? Kumbe wala. Aliyeandika hivyo alikuwa mkimbizi, na aliyemkimbia ni Amin huyohuyo.

Jina lake Festo Kivengere. Alizaliwa 1919 huko Kigezi, kusini magharibi mwa Uganda, akachunga ng'ombe utotoni, kisha akawa mwalimu. Katika miaka ya 1930 ulizuka Uamsho uliowashwa Gahini, Rwanda, ukavuka mpaka hadi Kigezi, halafu ukaenea Kenya na Tanganyika. Waumini wake waliitwa Walokole, yaani waliookolewa. Hawakuanzisha kanisa jipya. Walibaki humohumo makanisani mwao, ila walikuwa na jambo moja lililowasumbua majirani: mtu akiokoka hakuishia kuimba. Alikwenda kwa aliyemwibia akarudisha mali, kwa aliyemtukana akaomba radhi. Wokovu ulikuwa na miguu, bwana. Ulitembea.

Kivengere mwalimu kijana hakuwataka hata kidogo. Alikunywa pombe, aliwakwepa. Lakini mwanzoni mwa miaka ya 1940 naye yakamkuta. Alipookoka, jambo mojawapo la kwanza lililomjia moyoni ni Mzungu mmoja aliyekuwa akimchukia. Alisimulia mwenyewe kwamba alipanda baiskeli, safari ya maili kama 50, kwenda kumwomba msamaha. Tuelewane hapa. Ilikuwa enzi ya ukoloni, na Mwafrika alikuwa na sababu chungu nzima za kumchukia Mzungu. Kivengere hakusema sababu hizo ni za uongo. Alisema chuki ile ilikuwa imemfunga yeye, na alitaka kuwa huru.

Sisi Watanzania tuna deni kwa mtu huyu ingawa wengi hatujui. Mwaka 1946 alikuja Dodoma kufundisha shule, akakaa zaidi ya miaka kumi. Mhubiri Mmarekani Billy Graham alipofika Moshi mwaka 1960, aliyesimama kando yake akimtafsiria kwa Kiswahili alikuwa Festo Kivengere. Kwa hiyo si mtu wa mbali. Alikula ugali wetu, akasema lugha yetu.

Kuna kisa alichopenda kukisimulia, na mimi nakiona ndicho ufunguo wa mengine yote. Siku moja alikorofishana na mkewe, Mera. Muda wa kwenda kuhubiri ukafika, akachukua Biblia yake atoke. Moyoni akasikia kama anaambiwa: nenda wewe ukahubiri, mimi nabaki hapa jikoni na Mera. Mhubiri mzima anakwenda kanisani, Mungu amebaki jikoni! Ikabidi arudi, aombe radhi, ndipo aende. Unaweza kucheka, lakini upole wa mtu huyu mbele ya rais ulianzia hapo jikoni. Anayeshindwa kumwambia mkewe "nisamehe" hawezi ghafla kumsamehe dikteta.

Amin alipindua serikali tarehe 25 Januari 1971. Mwishoni mwa 1972 Kivengere akawekwa wakfu kuwa askofu wa Kigezi. Hata hajazoea kiti, Februari 1973 ikatolewa amri kwamba watu watatu wa eneo lake wapigwe risasi hadharani katika uwanja wa Kabale. Askofu alikwenda kwa Amin kuwaombea uhai. Akakataliwa. Siku yenyewe ilipofika, tarehe 10, maelfu ya watu wakakusanywa kutazama. Kivengere akaomba aongee nao kabla hawajafa, akaruhusiwa. Aliwaendea akiwa hajui atawaambia nini. Wao wakageuka, nyuso zinang'aa. Mmoja akamweleza kwamba alimpokea Yesu akiwa kifungoni, na akaomba mkewe na watoto wake waambiwe wasiwe na hofu. Walikufa wamepunga mikono. Mhubiri alikuwa amekwenda kufariji, akafarijiwa yeye.

Halafu ukaja 1977. Mapema mwezi Februari askari walivamia usiku nyumba ya Askofu Mkuu Janani Luwum, eti wanatafuta silaha. Maaskofu hawakukaa kimya. Waliandika barua ya kulalamikia mauaji na vitisho, wakamfikishia mwenyewe Amin. Nasisitiza hili kwa sababu vijana wengi tunadhani mpole ni mtu asiye na sauti. Wale walikuwa wapole, na walisema. Tarehe 16 Februari waliitwa Kampala, silaha zikaanikwa mbele ya askari, Luwum akashutumiwa kwa njama. Wenzake, Kivengere akiwa mmoja wao, wakaambiwa waende zao. Luwum akabakizwa. Kesho yake serikali ikatangaza amekufa katika ajali ya gari pamoja na mawaziri wawili. Nani aliamini?

Kivengere akaonywa kwamba anafuata yeye. Usiku, kwa miguu, yeye na Mera wakapanda milima hadi Rwanda.

Hapo ndipo hadithi inaponishika koo. Uhamishoni, chuki ilianza kumwotea moyoni. Rafiki yake ameuawa, nchi yake inachinjwa, unategemea nini? Ijumaa Kuu ya mwaka huohuo alikuwa London, kanisani, akitafakari jinsi Yesu msalabani alivyowaombea msamaha waliokuwa wakimsulubisha. Akaona hana pa kujificha: Yesu hakumtoa Amin katika maombi yale. Akasamehe, kisha akaandika. Ndani ya kitabu hicho hakuyapaka rangi mauaji. Aliyataja. Kumpenda mtu hakukumzuia kusema mtu huyo kafanya nini.

Nilimpelekea habari hizi mjomba wangu aliyepigana vita ya Kagera. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Sasa wewe mpwa wangu, kile kitabu ndicho kilichomtoa Amin Kampala?"

Swali zito. Jibu ni hapana. Kampala ilianguka Aprili 1979 kwa mizinga ya Watanzania na Waganda waliokuwa uhamishoni, na Amin akakimbia, mpaka alipofia Jeddah mwaka 2003. Sitamdharau mjomba wala wenzake waliobaki huko. Mtu akivamiwa nyumbani, siwezi kumhukumu kwa kuchukua silaha.

Lakini nami nina swali. Baada ya Amin kuondoka, Uganda ilitulia? Baada ya uchaguzi wa 1980 vita vilianza upya, na Luwero ikajaa mafuvu mpaka 1986. Bunduki ilimwondoa mtawala, ila haikuondoa kisasi. Kazi hiyo ya pili ilihitaji watu wa aina nyingine. Kivengere alirudi 1979, akahubiri upatanisho kwa watu waliokuwa wakitafuta wa kumlipizia, mpaka alipofariki mwaka 1988.

Wahenga walisema uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Ndiyo maana simwambii mjomba ampende Amin. Mimi sikuwa Kagera. Msamaha wa bei rahisi ni ule wa mtu ambaye hajaumizwa. Kivengere alikuwa na haki ya kusema neno lile kwa sababu alilipia. Na ndiyo maana pia siwezi kumwita mwoga. Mwoga angenyamaza 1973. Mwoga asingeandika barua ile.

Wenzangu tunaoshika kalamu, sisi ni mafundi wa kutafuta neno kali. Tukigombana vijiweni, hata katika kurasa za gazeti hili, tunashindana nani ametukana vizuri zaidi. "Nduli" ni neno zuri, lina uzito, na katika vita lilifanya kazi yake. Ila neno hilo haligusi kile alichokiona Kivengere: kwamba chuki ilitaka kumfanya afanane na anayemchukia. Kwake wokovu haukuwa tiketi ya mbinguni tu. Ulikuwa kukataa kufanana na Amin.

Mtu akiniuliza wokovu ni nini, simwanzishii na mbingu. Namwambia habari za baiskeli ile na zile maili 50.