Benaco: aliyeshika orodha ndiye aliyetawala

Juzi kijiweni jamaa niliyemaliza naye chuo alidai kuwa ofisi ikishawekewa kompyuta, uongozi unanyooka wenyewe. Nikamwambia, ndugu yangu, pitia Ngara kwanza.

Aprili 28 na 29, 1994, ndani ya takribani saa 24, Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara. Mimi sikuwa nimezaliwa. Nimesimuliwa na kusoma. Kambi ya Benaco ikageuka mji mkubwa ndani ya siku chache. UNHCR na wenzao walikuwa na malori, turubai na redio za mawasiliano. Kitu kimoja hawakuwa nacho: hawakujua nani ni nani, wala wako wangapi.

Wakawategemea wakuu wa komuni waliokimbia pamoja na watu wao. Hao ndio waliotoa majina, na chakula kikapitia mikononi mwao. Jamani, hebu fikiria! Miongoni mwao walikuwamo walioongoza mauaji wiki chache tu nyuma, sasa wanashika daftari la mahindi. Ukiongeza vichwa hewa unabaki na magunia, na mwenye magunia ana watu. Juni 1994 ilipojaribiwa kumwondoa kambini Jean-Baptiste Gatete, aliyewahi kuwa mkuu wa komuni ya Murambi, umati ulifanya fujo hadi wafanyakazi wa mashirika wakaondoka kwa muda. Mahakama ya Arusha ilimtia hatiani kwa mauaji ya kimbari mwaka 2011.

Baadaye watu walihesabiwa, kaya zikapewa kadi. Kadi ya karatasi tu, wala si kompyuta, lakini ilimpa mama wa kaya kitu cha kuonyesha bila kumbembeleza mkuu.

Mwaka 1995 shirika la Kijesuiti la wakimbizi, JRS, likaanzisha Radio Kwizera pale Ngara. Habari zikaanza kumfikia mtu bila kupitia kwa kiongozi wake. Hata hivyo, Desemba 1996 serikali ilipotangaza kuwa Wanyarwanda warudi kwao kabla ya mwaka kwisha, maelfu kwa maelfu waliwafuata viongozi wao kuelekea mashariki, ndani zaidi ya Tanzania, hadi polisi na jeshi wakawageuza.

"Hayo ya zamani," jamaa akasema. "Siku hizi kuna mifumo."

Nikamkumbusha 2016, wafanyakazi hewa zaidi ya 10,000. Mishahara yao ilikuwa inatoka kwenye mfumo. Kisha nikamuuliza, kwenye ofisi yake, nani ana neno la siri la orodha ya malipo?

Akaagiza kahawa nyingine.