Kuridhika kwa wateja na tiba ya kigugumizi

Kuridhika kwa wateja na tiba ya kigugumizi ni kiwango ambacho mtu mwenye kigugumizi, yaani tatizo la usemi linalodhihirika kwa kurudia sauti, kuivuta au kukwama kabla ya kuitoa, huona kwamba huduma aliyopewa imekidhi haja iliyompeleka. Kipimo kimoja kinachotumika sana katika huduma za afya ni dodoso la maswali 8 lililochapishwa Marekani mwaka 1979, ambalo kila jibu lake hupewa alama 1 hadi 4, hivyo jumla huwa kati ya 8 na 32. Alama hizo hazitoshi, kwa kuwa mtu anaweza kuzungumza bila kukwama mbele ya mtaalamu, kisha akashindwa kutaja jina lake mwenyewe anapopimiwa majani mabichi ya chai huko Lupembe, mkoani Njombe. Ndiyo maana dodoso la watafiti Yaruss na Quesal la mwaka 2006 huuliza kigugumizi kinavyoathiri maisha ya mtu kazini, nyumbani na moyoni.

Kuridhika hutegemea pia urahisi wa kuifikia huduma. Katika Afrika Mashariki, wataalamu wa tiba ya usemi na lugha ni wachache mno, na wengi wao wako mijini. Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, kilianza kuwafundisha mwaka 2008. Mzazi wa kijijini mwenye mtoto anayetibiwa, anayelipa nauli na kuacha shamba kwa kila miadi, anaweza kumsifu mtaalamu kwa dhati na bado akaikatiza tiba. Tathmini ya haki sharti ianze na umbali na gharama, ndipo ihoji ubora wa tiba yenyewe.